Sakafu Iliyofuata Meza

Katika karakana yetu hakuna kitu kinachotoka nje ya mlango bila kupitishwa. Meza, kabati, hata kigoda cha jikoni, vanishi ikishakauka kinawekwa katikati ya chumba, na sisi mafundi watano tunakizunguka. Mzee Randa, mwenye karakana, anaanza. Anakipapasa, anakiinamia, anakohoa, kisha anatamka, "Kiko sawa." Baada yake ni Fundi Milango, ambaye alimkuta Mzee Randa bado ana nywele. "Kiko sawa." Kisha Bibi Msasa, anayesugua mbao tangu asubuhi hadi jioni, na ambaye akikusalimia kwa mkono unaondoka na mchubuko. "Kiko sawa." Kisha Gundi. Mwisho mimi.

Huyu Gundi anaunga viungo kwa gundi, lakini jina hakulipata kwa kazi hiyo. Alilipata kwa sababu hunasa kwenye neno la mwisho alilosikia. Ukimwambia kuna jua kali, anatoa jasho. Ukimwambia mvua inakuja, anakimbia kuanua nguo za jirani. Mimi wananiita Mgeni, na nina miaka miwili pale. Kwa miaka yote miwili sijaona kitu kikikosa kupita.

Sasa niseme wazi jambo lililokuwa likinikosesha raha. Nina mama mkwe aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini, akastaafu, na hajaacha kusahihisha. Kila nikienda kwake na mke wangu, nikiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, ananikaribisha vizuri, ananipa kiti, kisha anauliza, "Na kazi je, mkwe, umepata?" Mke wangu hucheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilitaka mama yule anione mtu, basi. Ndiyo maana siku alipokuja mwenyewe karakana na kuagiza meza ya sebuleni ya watu wanane, akasema, "Nione basi hiyo kazi yako," sikulala.

Niliichagua mbao mwenyewe. Niliiranda mpaka ikawa laini ya kulalia usingizi. Miguu mitatu niliikata kwa futi kamba na penseli, nikiipima na kuipima tena. Nilipofika wa nne, Mzee Randa akaja nyuma yangu.

"Mgeni," akasema, "unapima kama fundi nguo. Fundi wa mbao anakata kwa jicho. Lete msumeno."

Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili, akakata. Fundi Milango akapiga makofi. Bibi Msasa akapiga makofi. Gundi akapiga makofi hata kabla msumeno haujafika mwisho. Nami nikapiga.

Walipokwenda kunywa chai nikachukua futi kamba. Mguu wa nne ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole. Nikapima tena, nikitumaini futi ina huruma. Haikuwa nayo.

Ningesema siku ile, hadithi ingeishia hapo na mimi ningekuwa mtu wa maana. Lakini utamwambiaje mzee aliyekufundisha kushika patasi kwamba amekata vibaya, mbele ya watu waliompigia makofi? Nikajiambia watagundua wenyewe wakati wa kupitisha. Nikaiunga meza, nikaipiga vanishi, nikangoja.

Siku ya kupitisha, Mzee Randa alipoweka mkono juu ya meza, meza ikamjibu. Ikaenda kulia, ko. Ikarudi kushoto, ko. Hata kuku wa jirani aliyekuwa mlangoni alisimama kusikiliza.

Mzee Randa akakohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Iko sawa," akasema.

"Iko sawa," akasema Fundi Milango. Akaiegemea. Ko. "Ila sakafu."

"Hata mimi nilikuwa nataka kusema," Bibi Msasa akadakia. "Hii sakafu imeanza kupinda. Tangu mwezi uliopita naisikia kwenye magoti."

"Imepinda sana," Gundi akasema, akapepesuka kama mtu aliyesimama kwenye mteremko. "Jamani, nishikeni."

Wote wakanigeukia. Watu wanne, macho manane, na nyuma yao ile sakafu ya saruji niliyoifagia kila asubuhi kwa miaka miwili, imenyooka tu. Neno "haiko sawa" lilifika mpaka kwenye meno. Likapiga hodi. Nikalirudisha.

"Iko sawa," nikasema. "Ila sakafu."

Nilijichukia palepale, lakini nilijichukia kimyakimya, na chuki ya kimyakimya haimsaidii mtu.

Wengine wangeishia kuilaumu sakafu kwa maneno. Sisi hapana, sisi ni watu wa vitendo. Kesho yake akaitwa mwashi. Alikuja na mwiko, ndoo na pima maji yake, akailaza pima maji sakafuni, akapiga goti kuangalia lile povu la ndani.

"Liko katikati," akasema. "Sakafu yenu haina tatizo."

"Angalia vizuri," Mzee Randa akamwambia kwa upole.

"Nimeangalia, mzee."

Fundi Milango akainama. "Mimi naliona limeegemea kidogo."

"Limeegemea," Bibi Msasa akasema.

"Limeanguka kabisa!" Gundi akasema.

Mwashi akainua kichwa akatutazama mmoja mmoja, akanifikia mimi mwisho. Uso wake ulikuwa unaniomba kitu. Nikaangalia dari. Akairudia pima maji, akaigonga kwa ukucha, akaipuliza, akaigeuza, akaifuta kwa shati.

"Kweli," akasema polepole. "Sasa mlivyosema... kuna kitu. Tena hii pima maji yangu ni ya siku nyingi."

Basi akachanganya saruji, akaunyanyua ule upande wa sakafu, akausawazisha kwa mwiko kwa ustadi mkubwa, maana ni fundi mzuri kweli, mpaka ule mguu mfupi ukapata pa kukanyaga. Saruji ilipokauka tukaiweka meza, na meza ikatulia tuli. Bibi Msasa akapiga vigelegele. Fundi Milango akachora alama nne za rangi nyeupe, moja kwa kila mguu, ili kitu kizuri kisipotee.

Tangu siku hiyo mambo mengine yote mle ndani yakaanza kuchechemea. Kiti cha Bibi Msasa kilimmwaga mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Kulikuwa na viti vitatu vya mteja, vizima kabisa, vikaonekana vinayumba. Fundi Milango akavikata mguu mmoja mmoja mpaka vikakubaliana na sakafu. Tukavipitisha. Viko sawa, viko sawa, viko sawa, viko sawa. Na mimi wa tano.

Meza ya mama mkwe ikapakiwa kwenye mkokoteni Jumamosi, nikaisindikiza mwenyewe.

Sebule ya mama mkwe ina sakafu ya saruji nyekundu iliyomwagwa na marehemu mume wake kwa mikono yake, mwaka waliooana. Kila Jumamosi anaipiga dawa kwa magoti, na umri wake ule, mpaka unaona uso wako ndani yake. Viatu unaviacha nje. Paka wa nyumba ile hupita pembeni, ukutani, kwa adabu zake. Miaka thelathini na tisa na haina ufa hata mmoja.

Tukaiweka meza katikati. Mama mkwe akaizunguka, akaikagua, akapitisha kidole juu yake. Nikaona mdomo wake unataka kutabasamu.

"Mbao umeiranda vizuri," akasema.

Sijui kama naweza kueleza neno lile lilinifanya nini. Tangu nimwoe binti yake, miaka minne, nilikuwa nalingoja. Kisha akaweka kikombe cha chai juu ya meza, akaweka kiwiko kando ya kikombe. Ko. Chai yote ikamwagikia mapajani mwa mke wangu, akaruka na sauti ambayo sikujua anayo.

Mama mkwe akaisukuma meza kwa kidole kimoja. Ko. Akairudisha. Ko.

"Mkwe," akasema, "hii meza inacheza. Ulijua?"

Angeniuliza kitu kingine chochote! Nikafungua mdomo, na humo mdomoni hapakuwa na maneno yangu. Yalikuwa ya karakana.

"Labda ni sakafu, mama," nikasema.

Mke wangu aliacha kujifuta. Mama mkwe akaitazama sakafu yake, ukuta hadi ukuta. Hakunikaripia, na ingekuwa nafuu angenikaripia.

"Jumatatu tunairudisha huko ilikotoka," akasema. "Nataka niione ikiwa imesimama."

Jumatatu asubuhi akafika karakana nyuma ya mkokoteni, amevaa miwani yake ya kusahihishia madaftari. Nikafurahi, niseme kweli. Nikajua kazi yangu imerahisishwa. Mama yule hajawahi kumkubalia mtu jambo kwa sababu tu watu wamelisema. Aliwahi kubishana na padri juu ya tarehe, na padri akaenda kutazama kalenda. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayelitumbua jipu.

Fundi Milango akasimamia kazi. "Mguu huu hapa. Ule pale. Kwenye alama, kwenye alama!" Meza ikakanyaga alama zake nne, ikatulia kama imeota pale. Mama mkwe akaisukuma. Kimya. Akaisukuma pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Kimya. Akachukua kikombe chetu cha chai, kimejaa hadi ukingoni, akakiweka juu, akaegemea kwa viwiko vyote viwili. Hata tone halikumwagika.

Tukaizunguka. Mzee Randa akaipapasa. "Iko sawa."

"Iko sawa," Fundi Milango.

"Iko sawa," Bibi Msasa. "Mama, pole, najua inauma. Sisi wenyewe sakafu yetu ilipinda hivyohivyo, tukaita mwashi."

"Iko sawa," Gundi. "Ilikuwa imepinda balaa. Mimi nilikuwa naanguka."

Ikawa zamu ya mama mkwe, kwa kuwa mteja huheshimiwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akawatazama wale mafundi wanne waliokuwa wanatikisa vichwa pamoja. Akaitazama meza. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini akasema, "Iko sawa."

"Kumbe ni sakafu yangu," akaongeza. "Na mimi ndiye niliyemshikia marehemu ndoo."

Mwashi alikuwepo, maana siku hizo alikuwa anashinda kwetu, akirekebisha madirisha ambayo nayo yalikuwa yameanza kuonekana yamepinda. "Nitaibomoa Jumatano, mama," akasema. "Siku mbili imekwisha. Nyundo ninayo."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Akatoa leso mfukoni, akajifuta pua, akajifanya ni vumbi.

Nikabaki mimi tu. Wengi wape, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimewapa kwa miaka miwili bila kudai chenji.

"Haiko sawa," nikasema.

Ilitoka kama sauti ya mtu aliyekanyagwa. Nikairudia. "Meza haiko sawa. Mguu mmoja ni mfupi."

"Mgeni," Fundi Milango akasema kwa huruma, "lakini si unaiona imetulia?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Gundi akanionya.

Sikuwa na maneno ya kushindana nao, na macho yao yalikuwa yanaona meza iliyotulia, kwa hiyo hata kushindana kusingefaa. Nikaikumbatia meza pembe moja, nikaivuta. Ni ya mti mzito, ilikwaruza sakafu na kupiga kelele. Bibi Msasa akapiga ukelele, "Anaitoa kwenye alama!" Nikaizungusha nusu mzunguko, pembe ya huku ikaenda kule, nikaiachia.

Haikusema ko. Iliinama kabisa, upande mmoja juu, upande mmoja chini, na kikombe cha chai kikasafiri urefu wote wa meza bila haraka, kikamfikia Gundi kifuani. Sasa ilikuwa imeinama maradufu, maana mguu mfupi umekwenda bondeni na mguu mzuri umepanda mlima wa mwashi.

"Sakafu iliyopinda ni hii," nikasema. "Na ilipindishwa na sisi."

Mwashi alichukua pima maji yake, akailaza, akaitazama. Kisha akaibusu, bila kujali nani anamwona.

Nilingoja Mzee Randa anifukuze. Yeye alikuwa ameinama, anapapasa ule mguu mfupi kutoka juu mpaka chini, polepole, kwa vidole vyote.

"Huu ni ule niliokata mimi," akasema.

"Miaka mitatu sasa naona ukungu," akasema, akiwa bado ameinama. "Asubuhi nawatambua kwa sauti. Sikusema, niliona haya, fundi asiyeona atafanya nini? Nikajiambia si kitu, nina watu wenye macho. Nitasema 'iko sawa', halafu nitasikiliza. Ikiwa mbaya watasema. Nikisikia wote mmekubali, naenda zangu nyumbani nalala vizuri."

"Mimi nilidhani umeona wewe, Mzee," Fundi Milango akasema, na sauti yake ilikuwa imesinyaa. "Mimi sijaangalia kitu toka nianze kazi. Nilikuwa nasubiri useme."

"Mimi nilidhani mmeona ninyi wawili," Bibi Msasa akasema.

Gundi alijipangusa chai kifuani. Alitafuta neno la mwisho la kunasia, akakuta hakuna. "Mimi nilisikia 'sawa' mara tatu," akasema. "Mara tatu ni nyingi."

Mzee Randa akanyoosha mgongo. "Na wewe, Mgeni?"

"Mimi nilipima, Mzee."

"Lini?"

"Siku ileile. Mlipokwenda kunywa chai. Mara mbili."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. "Hawa hawakujua," akasema. "Wewe ulijua, ukaniacha."

Hakusema kwa hasira. Nilitamani angerusha hata randa. Nikamgeukia mama mkwe, kwa sababu nilikuwa najua kinachofuata na nilitaka kiishe.

"Na Jumamosi?" akauliza. "Nilipokuuliza sebuleni?"

"Nilijua, mama. Niliogopa."

"Mimi peke yangu na mtoto wangu, ulitaka tukufanye nini?"

Machozi yalinitoka, na kwa kuwa nilikuwa na vumbi la mbao usoni yakawa tope. Mwanaume mzima, na tope mashavuni. Yeye akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mimi nami nilisema iko sawa," akasema kwa uchungu. "Miaka thelathini nawaambia watoto wa watu waoneshe njia, wasinakili jibu la jirani. Nimenakili kwa watu wanne kwa mkupuo."

Nikachukua spana na patasi. Meza ya mti ule haigeuzwi kichwa chini bila watu wa kuibeba, na sikuwa na uso wa kumwomba mtu yeyote pale chochote. Nikalala chali, nikajisukuma chini yake, nikaanza kuufungua ule mguu peke yangu. Hapo pembe ingebaki hewani, na chini yake ilikuwa shingo yangu, lakini sikuwa nawaza mbali.

Nikaona viatu vya mama mkwe vinakuja. Akainama, akaishika pembe kwa mikono miwili. Mtu mmoja alitosha. Lakini Bibi Msasa alipomwona ameinama, naye akainama. Fundi Milango akainama. Mwashi akatupa mwiko akainama. Gundi alikuwa ameshainama zamani. Mzee Randa akafuata sauti zao, naye akainama. Wakaizunguka meza yote, mabega kwa mabega, wakagumia pamoja kwa uzito ambao wengi wao hawakuupata, na chini kule pakawa giza tupu.

"Sogeeni!" nikapiga kelele. "Sioni kitu!"

Mmoja akaachia, na wote wakaachia pamoja.

Pembe ikashuka. Nilifumba macho. Ikashuka kama upana wa mkono, ikasita, ikasimama juu ya pua yangu. Nilipofumbua, mwanga ulikuwa umerudi, na juu ya ubao ilikuwa mikono miwili tu, imevimba mishipa.

"Nimeshika," mama mkwe akasema, meno yameumana. "Fanya kazi, mkwe. Lakini fanya haraka, ni nzito."